Usinunue fununu za hisa Telegram, jiandikie fomula

Vijana wengi siku hizi wana akaunti ya CDS, lakini ukiwauliza mbona walinunua hisa fulani, jibu ni moja: "Niliambiwa kwa grupu." Wasee, hizo ni pesa zako, si za admin.

Soko la Hisa la Nairobi (NSE) lina kampuni 60 hivi. Huwezi kukagua chati zote kila jioni. Fomula ndiyo chekeche: unaipa masharti, inakubakishia chache za kuangalia.

Fungua Excel, kila kampuni na ukurasa wake. Safu A ni tarehe, B bei ya kufunga, C idadi ya hisa zilizouzwa. Siku ya karibuni zaidi ikae juu, mstari wa 2.

Sharti la kwanza ni mwelekeo. Bei ya leo iwe juu ya wastani wa siku 50: B2>AVERAGE(B2:B51).

La pili ni RSI, kipimo alichochapisha Mmarekani J. Welles Wilder mwaka wa 1978. Chukua siku 14, gawanya wastani wa kupanda kwa wastani wa kushuka. Tuseme ni senti 30 kwa senti 20: unapata 1.5. Kisha 100-100/(1+1.5), jibu 60. Juu ya 70, bei imepanda kwa pupa; chini ya 30, imeuzwa kupita kiasi. Weka jibu safu D, na sharti liwe D2<45: hisa inayopanda lakini imepumzika kidogo.

Sasa hapa ndipo watu huchomeka. Kwetu kuna hisa zinazoweza kumaliza siku bila kuuzwa hata moja. Bei ikisimama siku zote 14, fomula inagawanya sifuri kwa sifuri na Excel inakurushia #DIV/0!. Hiyo angalau imekuonya. Mbaya ni pale mtu mmoja anauza hisa 200 kwa bei ya kutupa. RSI inaporomoka, unaona bei nafuu, unaingia. Siku ya kuuza, mnunuzi hakuna. Landlord anabisha na doo imekwama.

Kwa hivyo kiasi kinachouzwa kitangulie:

=AND(AVERAGE(C2:C21)>=50000, B2>AVERAGE(B2:B51), D2<45)

Ikiandika TRUE, hisa imepita. Hiyo 50,000 ni mfano tu. Pima kulingana na pesa zako. Kisha ijaribu kwa bei za miezi iliyopita kabla hujatoa hata shilingi, na usisahau kamisheni ya broka: anakata ukinunua, anakata tena ukiuza.

Fomula haijui ya kesho. Kazi yake ni kukuuliza maswali yale yale kila siku, hata grupu likiwa limepagawa. TRUE ikitokea, soma kwanza hesabu za kampuni. Isipotokea wiki nzima, tulia. Kukaa na pesa zako pia ni uamuzi.