Mguu wa kuku si hirizi!

UKISHAANZA kushika mshiko wa maana pale Bangwe, iwe ni kwa kuuza dagaa kwa magunia au kwa kibanda cha kutoa pesa kwa simu, siku moja wazo litakujia tu: "Ngoja nitafute mguu wa kuku, nione nani atanisogelea!"

Wazo lenyewe lina sababu. Tangu vita vya Burundi vilipolipuka 1993 na vya Kongo 1996, silaha za kivita zimekuwa zikivuka mpaka kuingia Kigoma, na wavuvi wa karabai wanaujua uchungu wa kuporwa injini usiku majini.

Lakini kabla hujaanza kuulizia bei, msomaji, tuambiane ukweli. Bastola ya kwenye sinema na bastola ya kweli zinafanana kama mgebuka wa pale mwaloni na picha ya mgebuka ukutani. Moja huwezi kuila.

SEKUNDE MOJA NA NUSU

Mwaka 1983, polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, alifanya jaribio rahisi. Mtu mwenye kisu aliyesimama mita 6 na ushei anachukua muda gani kumfikia mwenye bastola? Jibu: kama sekunde moja na nusu. Na huo ndio muda anaouhitaji askari aliyefunzwa kuchomoa silaha na kufyatua.

Sasa pima kibanda chako. Mteja anasimama umbali gani? Mita moja? Basi kabla mkono wako haujafika kiunoni, njemba keshafika. Pengine na bastola yako anaondoka nayo.

RISASI HAIRUDI

Haya, tuseme umewahi kuichomoa. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, macho yanaona kitu kimoja tu kama unachungulia kwenye bomba. Hivyo ndivyo mwili unavyofanya ukiwa na hofu kali, hata uwe mbabe kiasi gani.

Polisi wa New York wanafundishwa na kupimwa shabaha. Hata hivyo, takwimu zao za 1998 hadi 2006 zilionyesha kwamba walipokuwa wakirushiana risasi na wahalifu, ni kama risasi 18 tu kati ya 100 zilizompata mlengwa. Zilizobaki je? Kwa uswahilini kwetu, nyumba zimebanana, ukuta ni tofali la udongo au mbao, na ng'ambo ya ukuta kuna mtoto wa jirani amelala.

Kulenga sawasawa nako si kulenga mtu sahihi. Februari 1999, polisi wanne wa jiji hilo hilo walimmiminia risasi 41 kijana wa Kiguinea, Amadou Diallo. 19 zilimpata, akafa. Walidhani ameshika bastola, kumbe ni pochi!

MAFUNZO NI NINI HASA

Wengine wanadhani kufundishwa ni kutoboa kopo siku moja porini. Wapi! Mafunzo yanaanza na mambo yanayochosha: chukulia kila bastola ina risasi, usiuelekeze mtutu usikotaka kuua, kidole mbali na kifyatulio mpaka umeamua, na ujue kilicho nyuma ya unayemlenga. Unarudia mbele ya mwalimu mpaka mkono ushike wenyewe, halafu unaendelea mwezi baada ya mwezi, kwani ujuzi huu unaota kutu. Na somo kubwa kuliko yote ni kujua wakati wa kutofyatua.

Sheria nayo haina mchezo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka uwe na cheti cha umahiri pamoja na leseni. Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujihami, ila kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Ukizidisha na mtu akafa, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia. Kibaka anayekimbia na simu yako ukimpiga risasi ya mgongo, utamweleza nini hakimu?

Kumbuka pia bastola yenyewe ni mali inayowindwa. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua watu na kupora bunduki. Kama kituo cha polisi kilifuatwa, godoro lako unaloficha silaha chini yake ni nini?

Kwa hiyo anza na visivyo na risasi. Weka taa kali, funga mapema, usihesabu noti mbele za watu, usipeleke pesa kwa njia ile ile saa ile ile, na uwe na namba ya polisi na ya ulinzi shirikishi. Ukishikiwa silaha, toa pesa. Mshiko hutafutwa tena.

Ukiona bado unaihitaji, ifuate kwa njia halali, na hela ya mafunzo uitenge kabla ya hela ya chuma. Kama ya mafunzo huna, basi ya bastola pia huna. Kazi kwako!