Fahamu: Mitaa ya wapenzi wa jinsia moja jijini Chicago

Ni mitaa ambako wapenzi wa jinsia moja wamehamia kwa wingi miaka nenda rudi, wakafungua baa, maduka na ofisi zao. Anayehamia Chicago, Marekani, hutajiwa kwanza Northalsted na Andersonville.

Northalsted

Uko kaskazini mwa jiji, karibu na Ziwa Michigan. Tangu 1998, nguzo ndefu zenye pete za rangi za upinde wa mvua zimesimama kandokando ya barabara ya Halsted. Huna haja ya kuuliza umefika wapi. Hapo pia kuna Center on Halsted, kituo cha jamii kilichofunguliwa 2007. Usiku ni kelele tupu, hasa wikendi. Mpenda usingizi atafute chumba barabara za nyuma.

Andersonville

Zamani ulikuwa mtaa wa wahamiaji kutoka Sweden. Umetulia zaidi.

Lazima uishi huko?

Hapana. Tangu 2006, sheria ya Illinois, jimbo lilipo jiji hili, inamkataza mwenye nyumba kumbagua mpangaji kwa sababu ni mpenzi wa jinsia moja, mtaa wowote ule. Wengi huangalia kodi na usafiri: treni ya Red Line inapita jirani na Northalsted, ila ukishukia upande wa Andersonville itabidi utembee kidogo.