Kitoweo au picha: siku yetu katika mkondo wa Pemba

Katika likizo ya Desemba tulikwenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wajumbe watatu wa kamati ya msikiti pamoja na familia zetu. Hapakuwa na miongoni mwetu aliyewahi kuvua zaidi ya changu wa karibu na pwani, kwa mshipi wa mkono. Tukakodi boti itupeleke kwenye fungu la Leven, baina ya Unguja na Pemba, ambako kilindi hukatizwa ghafla na mwamba na samaki wakubwa hufuata wadogo.

Baada ya salamu nahodha, mtu wa umri wa baba zetu, alituuliza: “Wanangu, mnataka kitoweo au mnataka picha?”

Hatukumfahamu. Akatueleza kuwa wageni wengi hulipia kushindana na nduaro, yule mwenye mdomo kama mkuki na pezi la mgongoni mfano wa tanga. Samaki akishachoka huvutwa ubavuni, hupigwa picha, hutolewa ndoano na kuachwa. Wengi huondoka salama. Wengine hufa baadaye kwa uchovu au majeraha.

Swali lile lilitushughulisha. Mawindo ya bahari ni halali kwetu kwa nassi ya Suratul Maida, aya ya 96, hata kwa aliye katika ihramu. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya kulengwa, na kumchosha kiumbe nusu saa kwa ajili ya picha tuliona kunakaribia mlango huo. Hii si fatwa. Wenye elimu zaidi yetu wapo. Sisi tulijibu: kitoweo. Nahodha akaviondoa vyambo vikubwa, akafunga vya jodari na nguru. Tukamuuliza pia samaki watakuwa wa nani, maana baadhi ya boti huhesabu mavuno kuwa mali ya chombo. Tukakubaliana kabla ya fedha kutoka mkononi: mmoja wa mabaharia, waliobaki wetu.

Kisha ikawa kurambaza: boti yaenda taratibu, nyuzi nne nyuma, vyambo bandia vikirukaruka juu ya maji. Kwa saa moja na nusu kilichotokea ni kutapika tu. Mwenzetu aliyekuwa msemaji zaidi ufukweni alikuwa ameshiba maandazi na maharage, naye akawa wa kwanza. Nahodha alimwambia atazame upeo wa bahari, aiache simu. Tuliokunywa dawa kabla ya kuondoka tulisalimika, ingawa si kwa fahari kubwa.

Ghafla gurudumu la uzi likalia. Kila mgeni huvuta kwa nguvu, na ndivyo uzi unavyokatika. Tulikata mmoja hivyo. “Inua ufito polepole, kisha uushushe huku ukizungusha,” alisema nahodha. Mikono ilitetemeka, mgongo ukauma, na baada ya muda tuliouona mrefu akatokea nguru, mwenye milia, anang'aa. Baharia alimpiga rungu moja la kichwa.

Mtoto wa kaka yetu, mwenye miaka kumi, aliuliza, “Ami, anaumia?”

Tulimjibu kwamba tunadhani anaumia, ndiyo maana baharia hakumwacha apapatike. Hakuuliza tena, ila alikaa karibu na samaki yule njia nzima.

Adhuhuri ilitukuta huko. Katika maji yale Makka iko karibu kaskazini kamili, basi dira ya boti ilitosha. Nahodha akazielekeza omo huko na kupunguza mwendo. Aliyeweza kusimama alisimama. Msemaji wetu aliswali ameketi.

Tulirudi na nguru wawili na jodari mmoja. Jodari wakachukua mabaharia. Picha ya maana hatukupata, kwani mikono ya kila mmoja ilikuwa na damu na magamba. Usiku akina mama walipika mchuzi wa nazi, na aliyetapika mchana kutwa ndiye aliyeomba kichwa.