Kurudi Masomoni Ukubwani: Faida ya Historia ya Ugali

Wenzangu niliosoma nao huniuliza kwa nini mwalimu wa miaka 43, mwenye watoto, arudi tena kushika kalamu, tena asome habari za vyakula. Napenda kuwaelezeni.

Kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, iko yapata kilometa 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya wakimbizi, mahali palipokuwa gereza zamani. Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kuleta hapa masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti, wakishirikiana na Regis University ya Denver, Marekani, pamoja na mafunzo ya kuitumikia jamii. Basi hata mtu mwenye jamaa aweza kusoma bila kuacha nyumba yake.

Nami nilichagua kuchungua historia ya vyakula, maana hapa chakula ni jambo la ubishi. Mkongo husema bugali wa kweli ni wa muhogo. Mmalawi husema nsima ni ya mahindi. Kumbe mimea yote miwili asili yake ni Amerika, nayo ilifika Afrika kwa biashara ya Wareno tangu karne ya 16! Kabla ya hapo wazee wa nchi hizi walikula mtama, uwele na ulezi. Tena, ukimwuliza mtu wa Nkhata Bay sokoni Lilongwe, atakuambia kwamba kwao ziwani hupikwa nsima ya muhogo, iitwayo kondowole. Hivyo mgeni na mwenyeji ni watu wa chungu kimoja.

Lakini faida kubwa ni hii. Muhogo mchungu una sumu. Akina mama huuloweka siku 3 au zaidi, huuanika, ndipo wakautwanga. Wakati wa njaa watu hufanya haraka. Na wakiula siku nyingi bila samaki, nyama wala maharage, waweza kupatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Madaktari waliueleza huko Kongo mwaka 1938. Kwa hiyo ninapoandika maarifa ya mama zetu na kuwafundisha vijana, ninalinda miguu ya watoto.

Ninyi mlio shuleni, waulizeni bibi zenu wangali hai. Nanyi mliokwisha kutoka, msidhani mlango wa masomo umefungwa.