Simbilisi wa Jikoni Isongole

Sufuria ikianguka, hawashtuki. Mlango ukigongwa, kimya. Lakini mtu akiburuta fungu la majani mabichi kizingitini, jiko zima hupiga miluzi: wii, wii, wii, kutoka nyuma ya ndoo za maji, chini ya uchaga wa vyombo, ndani ya debe kuukuu lililolazwa ubavu. Mara vichwa vinachomoza, vyeusi, vyeupe, vingine rangi ya chai ya maziwa. Ni simbilisi, na jioni imefika.

Isongole nilifuata viazi. Anayepita barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu anaijua kwa magunia ya lumbesa kando ya lami na kwa baridi ya Mlima Rungwe. Ila mama aliyenipimia viazi alikuwa na haraka. Wanawe wa miguu minne, alisema, hawajala tangu mchana.

Ufugaji huu si wa kwake peke yake. Simbilisi wanafugwa Njombe na Iringa, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kivu Kusini, wamejaa majikoni. Asili yao ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kulikotoka pia kiazi mviringo. Ndugu hao wawili wamekutana tena Rungwe, lakini hawaivi chungu kimoja: majani ya kiazi na machipukizi yake ni sumu kwa simbilisi. Hiyo ndiyo amri ya kwanza ya mama. Ya pili ni ngumu zaidi katika wilaya ya maparachichi: jani, ganda wala kokwa la parachichi lisidondoke sakafuni mwake.

Wanachokula ni mabingobingo, maganda ya ndizi, majani ya mahindi na kabichi kidogo. Kibichi kisikosekane hata siku moja, kwa sababu mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mwaka 1907 wanasayansi wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakawaona wakipata kiseyeye, ugonjwa uliowamaliza mabaharia. Mama hana habari na Wanorway hao. Anachojua ni kwamba simbilisi wa pumba tupu huanza kuburuta miguu ya nyuma, na kwamba dawa yake iko bustanini.

Kilichoninasa zaidi kilikuwa ndani ya debe. Jike mweusi alikuwa amezaa asubuhi hiyo. Sungura hubeba mimba mwezi mmoja tu, akazaa vitoto vipofu visivyo na manyoya. Simbilisi hubeba zaidi ya miezi miwili, na kitoto chake huja duniani kikiwa kimekamilika. Mama aliingiza mkono, akatoa kimoja, akanikabidhi. Kilienea kiganjani. Macho yalikuwa wazi, yameng'aa. Manyoya yalikuwa yamekauka na kulala vizuri, kucha zote zipo. Aliinua mdomo wa juu kwa ncha ya kidole: meno mawili meupe. Kisha akakiweka chini, nacho kikatimua mbio hadi kwenye fungu, kikang'ata ncha ya jani na kuitafuna taratibu, wakati hata jua la siku yake ya kwanza halijazama.

Kwa hesabu ya mama, hapo ndipo kazi inapoanza. Jike aliyejifungua anaweza kushika mimba tena saa chache baadaye, kwa hiyo dume huhamishwa mapema, ampumzishe mwenzake. Dume huyo hatadumu hapo. Atabadilishwa na dume la jirani, damu isirudi kwenye damu. Mgeni wa heshima akija, mmoja huingia chunguni. Isipokuwa yule mwenye doa jeupe usoni: huyo ni wa mjukuu, na mama hataki kuulizwa tofauti yake na wenzake ni nini.

Jiko lenyewe linamtatiza. Ndani kuna joto, lakini moshi unawakohoza. Nje kuna hewa safi, lakini usiku wa Isongole ni mkali na kicheche hakosi. Kipi kitawaua upesi?

Na kuna dawa. Mwaka mmoja mafua yaliingia debeni. Alinunua penisilini, ileile iliyomwinua ndama wake, akawachoma wote. Ndama alipona, simbilisi, katika juma moja, waliisha. Penisilini huua vijidudu vyema vya tumboni mwao, vibaya vikatawala na kumwaga sumu. Kwa mnyama huyu, chupa hiyo ni kaburi.

Mama alirudi dukani akaeleza yaliyompata, akaomba dawa nyingine. Muuzaji alimsikiliza hadi mwisho, akamwonyesha chupa ileile.