Usiachilie Jiwe Kabla Hujaangalia Salio

Je, unachimba au unaokota mawe ya thamani? Broka amekuja hadi Kalemng'orok, anageuza jiwe lako jekundu juani, kisha anasema, "Hili lina uchafu ndani, halina bei." Subiri kidogo. Huo "uchafu" unaweza kuwa ushahidi wako.

Ndani ya jiwe kuna nini?

Jiwe linapokua ardhini hunasa vitu vingine: vipande vya madini, matone ya maji, nyufa ndogo. Wataalamu huviangalia kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10.

- Rubi ya asili, kama zile za Mangari kule Taita Taveta, mara nyingi huwa na nyuzi nyembamba zinazokatizana. Huitwa hariri.
- Rubi ya kutengenezwa kwa moto, njia iliyotangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, huonyesha mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri.
- Kioo huwa na viputo vya mviringo.

Ni kweli, jiwe safi zaidi hupata bei nzuri zaidi. Lakini hariri ambayo haijaharibika huonyesha pia kwamba rubi haijachomwa kwenye joto kali, na wanunuzi wengi hulipa zaidi kwa rubi ya aina hiyo. Kwa hivyo usikubali bei ya kwanza. Pata maoni ya pili. Pale Voi kuna kituo cha serikali cha kupima na kuthamini vito.

Sasa, malipo

Mmekubaliana bei? Fuata hatua hizi:

1. Pima uzito na upige picha ya jiwe mbele ya mnunuzi.
2. Andikeni makubaliano: bei, uzito, tarehe, majina. Mnunuzi akidai baadaye kwamba alituma kimakosa, una kitu cha kuonyesha.
3. Usiamini meseji anayokuonyesha kwenye simu yake. Hata iliyoingia kwako inaweza kuwa feki. Angalia salio mwenyewe kwenye menyu.
4. Mtandao ukisumbua, jiwe likae kwako hadi pesa ionekane.
5. Ukiambiwa utume "ada kidogo" ndipo malipo yafunguke, huo ni wizi. Kupokea pesa hakuhitaji utume pesa kwanza.
6. PIN ni yako peke yako, hata kama anayekuuliza anajiita mfanyakazi wetu.

Linda haki yako

Sheria ya Madini ya 2016 inamruhusu Mkenya mtu mzima aliye katika ushirika wa wachimbaji wadogo kuomba kibali cha kuchimba. Mnunuzi naye anatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya madini. Mwombe akuonyeshe. Asipotaka, tafuta mnunuzi mwingine.

Jiwe halina haraka, halitaoza. Hifadhi meseji zako za malipo, na umwonyeshe mwenzako pale shimoni makala hii.