Saiti imekuwa nyeupe: musifute kitu

Koperative zingine za kahawa na kakao zinatumia WordPress ili wanunuzi wa mbali waone mazao yao. Kisha kuingiza toleo jipya, saiti inaweza kubakia ukurasa mweupe tu. Mnunuzi akiikuta vile, atazani koperative imefunga. Musifute kitu: habari zenu zingali mule, katika hifadhidata.

Mara mingi shida inatoka kwa plugini, zile programu ndogo za kuongezea kazi. Plugini ya zamani haipatani na toleo jipya. Tufanye hivi:

1. Tuangalie imeli ya msimamizi wa saiti. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress inaweza kutuma pale barua yenye kutaja plugini iliyokwama na kiungo cha kuingilia.

2. Kama barua haikufika, kwenye seva tufungue dosie «wp-content», tubadilishe jina la dosie «plugins» kuwa «plugins-zamani».

3. Saiti ikirudi, tufungue ukurasa wa plugini upande wa msimamizi, zote zitazimwa. Turudishe jina la kwanza, kisha tuwashe moja-moja. Ile itakayoangusha saiti njo yenye kosa.

Mara ijayo, mbele ya kugusa toleo jipya, tunakili faili zote pamoja na hifadhidata, tuziweke kwenye flashi. Ni kama mbegu: hatupandi zote, tunabakiza za akiba.